Wimbo Tuliouimba Harusini

Mimi huimba besi, na kwa miaka ishirini na mbili nimesimama nyuma ya MaGaba kwenye kwaya, kwa hiyo naujua mgongo wake kuliko wengi wanavyoujua uso wake. Mgongo ule ukikakamaa, ujue kuna mtu anashukiwa. Mwezi ule walishukiwa watu wa opera.

Walikuja mtaani kwetu Mdantsane kutoka jumba kubwa la maonyesho la mjini, eti kuwaonjesha watoto wetu opera, na sisi wazazi pia. MaGaba aliguna tu. Kwaya yetu imeimba vipande vya opera kwenye mashindano tangu vijana hao hawajazaliwa, tukivisoma kwa do-re-mi kwenye karatasi zilizofifia kwa kupigwa kopi. Maneno ya Kitaliano tuliyakariri tu, maana yake hakuna aliyeuliza. Kipande kimoja kilitunogea hata tukakifanya wimbo wa harusi, na hakuna biarusi wa kanisa letu aliyeingia bila huo.

Kilichomtia wasiwasi zaidi ni fomu yao ya idhini ya wazazi. Mjukuu wake Qhayiya, wa miaka kumi, alichaguliwa aimbe sehemu ya biarusi katika onyesho lao, na fomu ikataka kujua mama yake yuko wapi. Nomahlubi, binti wa MaGaba, alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Kwetu mtoto mdogo haambiwi kifo. Huambiwa mama amekwenda kufanya kazi Johannesburg, na akikua kidogo anaambiwa ukweli. MaGaba aliahirisha mwaka hadi mwaka, na mtaa mzima ukafunga mdomo pamoja naye, mimi nikiwemo. Sasa aliogopa wageni hawa na maswali yao wasije wakaitoboa siri. Akaapa kwamba wakithubutu, mtoto hataimba.

Basi akawa hakosi zoezi hata moja. Anakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, anamkodolea macho Sotashe, kijana aliyekuwa akiwafundisha. Akimwita Qhayiya pembeni, MaGaba naye anasogea. Akimpa biskuti, MaGaba anainusa kwanza.

Alhamisi moja sisi wanakwaya tuliitwa kuwasaidia watoto. Tukagawiwa karatasi za kipande ambacho watoto walikuwa bado hawajakianza, kumbe ni kile kile chetu cha harusi. Tulifurahi sana, mpaka Sotashe alipowaeleza watoto kisa chake. Meli ya bwana harusi imezama, alisema, na habari imeshafika kijijini. Wanawake wanaimba kwa nguvu ili biarusi asisikie.

Nilizikumbuka harusi zote zile, nikaona aibu.

"Mwongo wewe," MaGaba alimwambia. "Huo ni wimbo wa furaha. Nilimwimbia binti yangu mwenyewe."

"Samahani, mama, lakini ndivyo maneno yanavyosema."

"Nani kakutuma uje kusema hayo mbele ya mtoto huyu?"

Kijana wa watu hakuelewa kosa lake. Ili mambo yatulie akamgeukia Qhayiya, akamwambia aimbe huku anatabasamu, kwa kuwa biarusi hajui kitu.

"Anajua," Qhayiya alisema. "Anajua siku nyingi. Anawaacha tu waimbe, maana wanajitahidi sana."

MaGaba aliinuka, mkoba ukaanguka. Akamuuliza mjukuu wake, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ni nani aliyemwambia.

"Hakuna, bibi. Nikiuliza tu mama anakuja lini, watu wote mnaanza kuongea kwa pamoja."

MaGaba akapiga magoti pale sakafuni, akamshika mikono yote miwili. Akamtajia ugonjwa, akamtajia mwezi, akamwambia kaburi liko wapi na kwamba Jumamosi watakwenda wote wawili. Mtoto alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nilitamani ardhi inimeze, maana nami nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakiongea kwa pamoja. Sotashe, kwa kutojua afanye nini, aliinua mkono kutuanzishia wimbo. Nikaushika mkono wake, nikaushusha.