Mwishehe na Unga Usio na Upande

Pale Kibamba, ukiwa na ugomvi na umekosa wa kukuunga mkono, ulikuwa unamtafuta Mwishehe Kondo. Hakuuliza kisa. Aliuliza tu, "Nani kaanza?" na kabla hujamaliza kujibu alishakuwa upande wako, tena kwa sauti kubwa kuliko yako. Wapangaji wa nyumba ya nyuma waligombania kamba ya kuanikia nguo, na Mwishehe, ambaye kamba yenyewe hajawahi kuiona, akanuniana na mmoja wao tangu Rajabu mpaka Ramadhani. Wapangaji wenyewe walipatana ndani ya wiki.

Kwenye mpira ndiyo usiseme. Alikuwa Simba wa kuzaliwa. Bahati mbaya alimpenda Tunu, ambaye kwao Kimbiji nyumba nzima ni Yanga, kuanzia bibi mpaka mbuzi. Siku alipokwenda kujitambulisha aliletewa juisi ya embe kwenye jagi la kijani, akaitazama ile njano ndani ya kijani, rangi za Yanga zilezile, akasema hana kiu. Wazee wakadhani tumbo linamsumbua, wakampa pole, wakamchemshia mchaichai. Alioa hivyohivyo, lakini siku ya mechi kubwa Tunu alikuwa anakwenda kukaa kwa dada yake ili ndoa isivunjike.

Kazi yake ilikuwa udereva wa malori makubwa. Zambia alikuwa anaijua kama anavyoijua Mbezi. Basi siku moja akasikia kuna shirika la misaada lenye ghala huko Temeke linatafuta madereva wa kupeleka chakula nchi ya jirani, kwenye vita. Akaenda, akapita majaribio ya kuendesha, akaambiwa bado semina.

Semina iliendeshwa na mkuu wa usafirishaji, Bi Ummehani, mama wa Kihindi mwenyeji wa Tegeta, aliyekuwa anaongea taratibu kama mtu anayemimina mafuta kwenye chupa yenye mdomo mwembamba.

"Mnakokwenda kuna pande mbili," alisema. "Kila upande utataka muwe wake. Nyie si wa yeyote. Husifu, hulaumu, hubebi bendera, humpakii mwenye bunduki. Chakula ni cha mwenye njaa, basi. Na ukiulizwa nani ana haki, hujibu."

Mwishehe akanyoosha mkono. "Samahani, bosi. Kwani nani ana haki?"

"Hilo ndilo swali ambalo hulijibu, bwana Mwishehe."

"Silijibu, bosi. Nataka tu kujua."

Madereva wakacheka. Bi Ummehani hakucheka. Akamtazama kwa muda, kama mtu anayetazama tairi lililopitwa na wakati na kujiuliza kama litafika.

Siku ya kupakia, mheshimiwa mmoja akafika ghalani na wapambe na bango refu. Kwenye bango kulikuwa na sura yake, kubwa, anacheka meno yote. Alitaka lifungwe ubavuni mwa lori, ili huko liendako wajue Watanzania wana moyo. Wapambe walishaanza kutafuta kamba.

"Shikamoo, mheshimiwa," Bi Ummehani akasema. "Nia yako tunaishukuru. Lakini picha hii ikifika kule hawataona moyo. Watauliza huyu ni jenerali wa nani."

"Mimi ni rafiki wa wote!"

"Hata majenerali wote wanasema hivyo."

Mheshimiwa akaitazama picha yake, nadhani akaanza kujiona na magwanda, akaagiza bango likunjwe. Mwishehe alifurahi kupita kiasi. Akaanza kupiga makofi. Bi Ummehani akamgeukia. "Hata mimi usinishangilie, bwana Mwishehe. Panda gari."

Mwenzake kwenye usukani alikuwa Leonardi, mtu wa Mahenge, mzoefu wa njia ile na mchache wa maneno. Safari hiyo walifika Dodoma kwa neno lake moja, na neno lenyewe lilikuwa "tairi." Mwishehe aliongea kwa niaba ya wote wawili mpaka mpakani.

Walipovuka, akanyamaza, maana aliogopa mdomo wake. Mpaka leo hataji jina la kundi lolote la vita ile. Anawaita Wa Chini, walioshika bonde na daraja, na Wa Juu, walioshika milima. Watu waliokimbia makwao walikuwa wamejaa nyuma ya hiyo milima, kwa hiyo unga ulilazimika kupita kwa wote wawili.

Kwenye kizuizi cha Wa Chini walipokelewa vizuri, wakapewa viti na chai. Kamanda alikuwa mtu mnene, mwenye miwani ya jua aliyoivaa hata chini ya turubai. Alieleza kwamba hana shida na unga. Anachotaka ni magunia yashushwe hapo, ayagawe mwenyewe mbele ya watu, na hotuba fupi.

"Samahani, afande," Mwishehe akasema, akijitahidi kuongea taratibu kama Bi Ummehani. "Hiyo hatuwezi. Tunagawa wenyewe, kwa wenye njaa, kulekule waliko."

"Kwa nini? Nyie ni watu wa wale wa juu?"

"Hatuna upande, afande."

"Hakuna mtu asiye na upande," kamanda akasema, na sauti ikapanda. Askari wakasogea kusikiliza, mmoja akainua simu na kuanza kurekodi. "Sisi hapa swali letu ni moja tu, na jibu ni moja tu. Wewe uko na Wananchi, au hauko na Wananchi?"

Sasa mtu wa Dar anajua, na asiyejua ajue, kwamba Wananchi ndilo jina Yanga wanalojiita. Na Mwishehe alikuwa ameondoka nyumbani na kidonda kibichi cha kufungwa na Yanga, amekaa kimya tangu mpakani, amemeza kila neno lililomjia. Swali lile lilimkuta pabaya. Kichwa chake hakikuona bunduki wala bonde. Kiliona jagi la kijani.

"Wananchi?" akafoka. Akasimama, chai ikamwagika. "Mie? Niwe na Wananchi? Afande, bora nife!"

Askari mmoja akakoki bunduki, wa pili akafuata. Leonardi akafumba macho, akapiga ishara ya msalaba.

Aliyewaokoa ni askari mmoja mwembamba nyuma, aliyewahi kubeba mizigo Kariakoo. Alianza kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko, akashindwa hata kushika silaha yake. "Afande, huyu ni Simba! Kwao Wananchi ni timu! Ni Yanga!"

Kamanda akavua miwani kwa mara ya kwanza. Akamtazama Leonardi. Leonardi akaona siku ya kuongea imefika.

"Ni mpira, afande," akasema. "Ni mpira tu. Ana matatizo."

Hapo ndipo Mwishehe alipoelewa alichosema na alipokuwa amesimama akikisema. Akakaa, akakalia kikombe.

"Kumbe upande unao," kamanda akasema polepole. "Umenidanganya."

"Mie ninao, afande. Nimezaliwa nao na nitazikwa nao. Lakini mie sio unga. Unga ndio hauna." Maneno yalikuwa yameshafunguliwa njia. "Ukiugawa wewe, wale watasema ni unga wako, watauchoma moto. Wakiugawa wao, utauchoma wewe. Watoto watakula majivu. Uache upite ukiwa yatima, afande. Yatima atapata wa kumlea."

Kamanda akauliza, kwa sauti ndogo, kama kweli hiyo Yanga ni mbaya kiasi hicho. Mwishehe akaanza kueleza, Leonardi akamkanyaga mguu. Kizuizi kikainuliwa. Hotuba haikutolewa.

Walipofika kwa Wa Juu wakakuta ngoma. Vijana wenye bunduki wanaimba, akina mama wanapiga vigelegele, na anayeimbwa ni dereva wa lori la unga. Video ilikuwa imewatangulia, tena ikiwa imekatwa. Haikuwa na Kariakoo wala mpira. Ilikuwa na kamanda wa Wa Chini akiuliza kama uko na wananchi, na mtu mmoja shujaa akimjibu usoni kwamba bora afe.

Mkuu wao akamkumbatia mpaka mbavu zikalia. Aliagiza bendera yao ifungwe mbele ya lori, na vijana wawili wenye silaha tayari walishapanda juu ya turubai, wasindikize gari la rafiki.

Mwishehe mwenyewe anakiri kwamba kwa Wa Chini aliogopa, lakini kwa Wa Juu alipata mtihani. Maisha yake yote alikuwa akishangilia wengine. Hajawahi kushangiliwa. Alijikuta anapunga mkono. Alikuwa anapunga wa pili pia, Leonardi alipomsogelea na kusema neno moja sikioni.

"Bendera."

Mwishehe akageuka, akaiona inapepea mbele ya kioo cha lori. Akawaza njia ya kurudi, bonde na daraja. Akawaza na malori mengine ya Bi Ummehani yaliyokuwa yanakuja nyuma. Akashusha mikono.

"Mkuu," akasema, "naomba bendera ishuke. Na hawa wadogo zangu nao washuke."

Ngoma ikakatika. "Si wewe uliyewakataa wale?"

"Sijawakataa. Wala sijawakubali. Niliposema wananchi, nilikuwa nina maana ya Yanga."

"Yanga?"

"Yanga, mkuu. Timu ya mpira."

Mkuu, pale mbele ya jeshi lake, akafungua vifungo vya koti la kijeshi, kimoja baada ya kingine. Ndani alivaa jezi ya kijani na njano, iliyopauka kwa kufuliwa.

"Mimi," akasema, "ni Mwananchi tangu nasoma Kigoma."

Mwishehe anasema hapo alisoma shahada, akijua amekwisha. Lakini mkuu alimpita, akaenda mwenyewe mbele ya lori, akafungua bendera kwa mikono yake na kuikunja kwa heshima.

"Bendera yetu haiwezi kukaa kwenye gari la Mnyama," akasema. Akawapigia kelele wale vijana juu ya turubai. "Shukeni! Mnasindikiza Simba?" Halafu akamnyooshea Mwishehe kidole. "Peleka unga wako. Ila ukirudi utapita hapa, na tutaongea."

Hivyo lori lilifika kama lilivyotoka Temeke, bila sura ya mtu. Watu walikuwa wengi kuliko alivyowaza, wamekaa chini kwa mistari, na kilichomshangaza ni kwamba hawakupiga kelele. Zamu ilimfikia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Hakunyoosha mikono.

"Huu unga wa nani?" akauliza.

"Wako, mama."

"Nikishaupokea utakuwa wangu, najua. Nauliza kabla. Dada yangu alipokea wa upande mmoja, upande wa pili ukamfuata nyumbani."

Mwishehe akaushusha mfuko chini, akaugeuza mbele na nyuma ili auone wote. Yule mama akainama, akaukagua kama anavyokaguliwa samaki sokoni. Alipoona hakuna picha wala bendera, ndipo akaunyanyua, akashukuru, akaenda zake. Mwishehe aliendelea kugawa mpaka mifuko ikaisha, na kila aliyefika alimgeuzia mfuko kabla hajaulizwa.

Wakati wa kurudi, mkuu wa Wa Juu alitimiza ahadi. Aliwakalisha kwenye mkeka, akawapa ndizi za kuchoma, akawaeleza ubora wa Yanga kwa urefu usio na huruma, na kila Mwishehe alipofungua mdomo Leonardi alimtilia ndizi.

Temeke aliitwa ofisini hata hajanawa uso. Bi Ummehani alikuwa na ile video kwenye simu yake.

"Nilikwambia usichague upande, bwana Mwishehe."

"Ulisema upande wa vita, bosi. Mpira hukuutaja."

Bi Ummehani akampa onyo kali, akamwambia kwamba wangeweza kufa, na kwamba kufa kwa ajili ya Simba hakumo kwenye mkataba wake. Semina iliyofuata, wageni walishangaa kuona mama yule mtulivu anaanza na mambo ya Yanga na Simba kabla ya kugusa vita. Lakini hakumfukuza. Alimpa juma moja la kupumzika.

Kibamba video ilikuwa imeshazagaa. Wa Simba walimbeba juu juu tangu barabarani mpaka mlangoni. Wa Yanga walimgeuzia migongo. Yeye aliwaomba wa Simba wamshushe, anaona kizunguzungu. Ndani alimkuta Tunu amekaa na kanga yake ya njano na kijani, mikono kifuani.

"Bora ufe?" Tunu akauliza. "Kuliko kuwa na sie, bora ufe?"

"Tunu, kulikuwa na bunduki."

"Ndiyo ukaona useme ukweli wako wote!"

Ilimchukua muda kutulia. Alipotulia akampakulia wali na samaki, akakaa naye, akamuuliza hao watu wa vitani wanagombania nini hasa, na yeye kwa maoni yake angewapa ushindi akina nani. Tunu alijiandaa. Alijua mumewe akiulizwa hivyo, wali utapoa, ataongea mpaka jirani wachangie ukutani.

Mwishehe alitafuna, akameza, akatazama sahani. "Sijui," akasema. "Kuna mama mmoja aliogopa kupokea unga." Akaomba aongezwe mchuzi.

Tunu akaweka kijiko chini. Akamgusa paji la uso, halafu shingoni, halafu akasimama na kutafuta baibui lake. Jioni ileile akamburuta zahanati kupimwa malaria. Mwishehe alikaa kwenye benchi bila ubishi, hata walipotokea wawili kugombania foleni na kila mmoja akamwomba awe shahidi wake. Akawaambia wote wawili watangulie, yeye hana haraka. Tunu aliposikia hivyo akamwambia daktari apime na taifodi pia.