Pistoni Haitaki Mafuta

Iko Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, na ilikuwa ndani ya ile miaka ya korona, Sydney nzima imefungwa na sisi wazee tumefungiwa kuliko wote. Nilikuwa hapa hapa Penrith, pembezoni mwa jiji, kwa binti yangu Rehema, ambaye ni nesi. Akirudi kutoka kazini alibadilisha nguo gereji, akapitiliza kuoga, kisha akanisalimia kutoka mlangoni kwa mbali. Nilikuwa na bustani, redio na ukimya mwingi mno.

Rehema akanionea huruma, akaniunganishia simu ya video na wazee wenzangu wawili. Mmoja ni Shabani, aliyekuwa Lidcombe kwa mwanawe. Huyo ni mwenzangu wa ujana. Tulikuwa askari wa wanyamapori pamoja huko kusini mwa Tanzania, tukalala hema moja miaka sita. Wa pili ni Otieno, Mkenya, mwanajeshi mstaafu aliyekuja kumalizia nguvu zake kiwandani Smithfield. Unadhani wazee watatu waliofungiwa ndani walizungumza nini? Presha na kisukari? Tulizungumza bunduki.

Usinielewe vibaya. Hatukuwa nazo. Hapa Australia bunduki ya nusu otomatiki mtu wa kawaida haruhusiwi hata kuigusa, na sheria hiyo sina ugomvi nayo. Tulizizungumza zile tulizobeba ujanani, kama wengine wanavyozungumzia magari yao ya zamani. Nusu otomatiki ni ile ambayo ukipiga risasi moja, kwa aina nyingi moshi wa risasi ile ile unaisukuma pistoni nyuma, na risasi nyingine inajipakia yenyewe. Mimi na Shabani tulibeba SLR, ndefu, nzito, yenye mbao mkononi. Mpaka leo nikifumba macho nausikia uzito wake begani, na harufu ya mafuta yake naijua kuliko harufu ya marashi.

Otieno yeye alibeba G3, na hakukubali kushindwa.

"G3 unaivuta kwa matope, unaipangusa, inalia tu," alisema Jumamosi hiyo. "Hiyo yenu si ilikuwa ya kubembelezwa kama bibi arusi?"

"Haibembelezwi, bwana," Shabani akamjibu. "Inasafishwa. Ukiisafisha, haikuangushi."

Tukacheka. Nilicheka na mimi, ila kicheko changu kilikuwa kifupi, na utaona kwa nini.

Kambini tulikuwa na desturi yetu. Jioni mmoja anapika, mwenzake anasafisha bunduki zote mbili, ya kwake na ya mwenzake. Kesho yake wanabadilishana. Haikuandikwa popote. Ilikuwa ni kuaminiana tu, maana unampa mtu kitu ambacho kesho kitasimama kati yako na mnyama. Sajini wetu, Mzee Lihundi, alitufundisha kusafisha kwa kurudia rudia mpaka tukachoka naye. Kila chuma kinapakwa mafuta kidogo, alisema, lakini pistoni ya gesi haitaki mafuta. Ile unaikwangua masizi, unaifuta kwa kitambaa kikavu, basi.

Jioni moja zamu ya kusafisha ilikuwa yangu, na redioni kulikuwa na mpira. Yangu niliisafisha kama inavyotakiwa. Nilipofika kwenye ya Shabani, timu zinaingia uwanjani. Masizi kwenye pistoni yalikuwa yameganda. Badala ya kuyakwangua nikayapaka mafuta, yakang'aa, nikairudisha ndani na kukimbilia redio. Shabani aliniletea ugali wangu pale pale redioni. Timu yangu ilishinda, nikalala na furaha.

Asubuhi tuliitwa kijijini, kuna nyati aliyejeruhiwa ameingia mashambani. Shabani alikuwa mbele. Alipiga risasi ya kwanza, ikampata nyati begani. Ya pili haikuingia. Vumbi na mafuta na masizi vilikuwa vimefanya tope humo ndani, pistoni ikakwama. Nyati alimrusha kabla mimi sijapata nafasi ya kumpiga. Nyonga ya Shabani ilivunjika, na mpaka leo anachechemea.

Sajini alikuja kuuliza. Kikazi, kila askari aliwajibika kwa bunduki iliyoandikwa jina lake, kwa hiyo mimi hakuniuliza. Shabani, akiwa kitandani, akasema huenda alipokuwa akitambaa vichakani aligusa kile kipete cha kurekebisha gesi, kikageuka, gesi ikapungua nguvu ya kusukuma pistoni. Akasema kosa ni lake. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nimeshika kofia. Nilinyamaza. Alipopona walimwondoa doria, wakamweka getini kuinua kizuizi na kuandika namba za magari, na huko ndiko alikostaafia.

Sasa rudi nami kwenye ile Jumamosi. Otieno alikuwa amepamba moto, akitueleza namna vijana wa jeshini kwao walivyoharibu silaha.

"Kuna majamaa walikuwa na SLR kama zenu, wanapaka mafuta kwa pistoni," akasema. "Wee. Hiyo ni kupika uji ndani ya bunduki. Shabani, ile yako ya nyati, una hakika haikuwa hivyo?"

"Haiwezekani," Shabani akasema. "Aliyeisafisha ni huyu Athumani, na mkono wake naujua. Yangu ilikuwa kavu. Kosa lilikuwa langu."

Mwanangu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Miaka zaidi ya arobaini, na mtu bado ananitetea. Rehema alikuwa anaingia kutoka kazini, akaniona nimefungua mdomo bila kusema kitu. "Baba, upo mute?" akaniuliza kutoka mlangoni. Nikamwambia hapana, sauti ipo, wananisikia. Kisha nikamgeukia Shabani kwenye kioo cha simu, nikasema yote. Masizi, mafuta, mpira, kila kitu.

Nilidhani Shabani atanitukana, na ningeshukuru. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Tulipofika huku mwanangu alitaka nijifunze gari," alisema. "Nikakataa. Wajukuu walipozaliwa, sikuwabeba nikiwa nimesimama. Mikono yangu nilikuwa siiamini, Athumani. Nilijua ni mikono ya kusahau. Sasa unaniambia haikuwa mikono yangu, na macho yameshakataa gari."

Akazima simu.

Jumamosi tatu hakuonekana. Nilikuwa nakaa mbele ya kioo na Otieno, tukimsubiri. Ya nne akaja, akamsalimia Otieno, akanisalimia na mimi, akasema amesamehe, ila tusilizungumze tena ili tu mimi nipate faraja. Nikakubali. Wajukuu zake sasa anawasimulia habari ya nyati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na ananitaja kwa jina. Ni haki yake.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, wewe unayefanya kazi wodini, ghalani, ofisini, popote. Umekosea? Sema leo, wakati bado anaulizwa mwingine. Usifikiri kwamba kwa kuwa hukuulizwa, umesalimika. Hukulitupa kosa, umembebesha mwenzako, naye atajenga maisha yake yote juu ya uongo wako bila kujua, atajinyima vitu ambavyo wewe hutavijua mpaka siku huwezi tena kumrudishia. Mimi nilisamehewa. Lakini ile miaka ya Shabani sijui niombe kwa nani.

Mungu akupe kazi nzuri na mwenzako wa kukuamini, na siku utakapomwangusha, akupe ujasiri wa kumwambia kabla jua halijazama. Amina, mwanangu.