Mashahidi wa Ng'ombe wa Babu

Juzi nilikwenda Mudaka, ndugu yangu, nikalipita shamba letu bila kulitambua. Nilikuwa natafuta migomba, kumbe sasa ni ukuta wa matofali na geti jeusi. Kaburi la babu limebaki ndani.

Hapo ndipo koko, yaani nyanya yetu, alipotulea. Asubuhi tulikula maharage ya jana huku moshi ukitutoa machozi, kisha tukabeba nyasi za kutandaza chini ya migomba. Harufu ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, ilijaa kiwanja kizima. Naikumbuka mpaka leo na roho inaniuma.

Shamba babu alilipata kwa kalinzi: alimpelekea chifu ng'ombe, watu wakanywa kasiksi, mambo yakaisha. Karatasi haikuwapo. Ndiyo maana kila baada ya mavuno koko alituzungusha mpakani, tukikariri walioshuhudia: mfinyanzi, mhunzi, mkunga, mzee wa ng'ambo ya kijito. Aliyekosea alianza upya, na mimi, mvivu nisiye na haya, nilianza upya kila mwaka. Koko alikuwa akisema karatasi huoza, kichwa cha mtoto hakiozi.

Mji ulipoanza kupanda kuelekea kwetu, wapimaji walikuja. Koko aliwapa ndizi mbivu, akawaaga kwa heshima. Sisi tuliosoma tulikuwa Bukavu, na hakuna hata mmoja aliyemfuatia karatasi. Hilo sijisamehe.

Kisha akatokea tajiri mmoja na hati yenye mihuri. Nilikwenda ofisi ya ardhi, nikataja mashahidi wote bila kukosea. Karani alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sasa papa," akasema, "hao bashahidi beko wapi?"

Wote walikwisha kufa. Akafunga faili.

Koko anaishi kwangu Nyalukemba siku hizi, miguu haimbebi tena. Niliporudi juzi aliuliza kama migomba imewekewa nguzo, maana mvua zimeanza. Nikasema imewekewa. Ningemwambia nini?

"Mutanizika kulekule," akasema, "pembeni ya muzee wangu."

Nikaitika. Halafu, kama zamani, akanitaka nitaje mashahidi. Nikaanza na mfinyanzi, nikaja kwa mhunzi, kwa mkunga, mpaka mzee wa ng'ambo ya kijito, naye akihesabu kwa vidole. Safari hii sikurudishwa mwanzo.

"Basi," akasema koko, akatabasamu, "shamba iko yetu."