Programu Ishirini na Mbili za Mwalimu

Mwalimu aliyenifundisha hesabu kule Kiegei alikuja nyumbani kwetu wiki chache baada ya majibu ya darasa la saba kutoka. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari. Nilichuchumaa uani nikibangua korosho, nikamsikia akimwambia baba:

"Huyu binti asikupotezee nguvu za sekondari. Kichwa chake ni cha wastani. Mpeleke akajifunze taipu, atapata kazi ya kukaa kivulini."

Baba alikuwa mkulima asiyejua kusoma, na neno la mwalimu kwake lilikuwa la mwisho. Nilipelekwa Ruangwa kwa shangazi, nikajifunza kupiga chapa kwenye mashine ambayo herufi yake ya "a" ilikuwa imelegea na kutokea juu ya mstari. Mdogo wangu wa kiume, ambaye mwaka uliofuata alichaguliwa kwa alama za chini kuliko zangu, alikwenda sekondari. Mwalimu hakuja kusema lolote kuhusu kichwa chake.

Miaka zaidi ya kumi ilipita kabla sijafanya naye kazi chumba kimoja.

Wakati huo nilikuwa karani wa kikundi cha wachonga vinyago mjini Nachingwea. Wengi wao walikuwa Wamakua na Wamakonde ambao wazazi wao walivuka kutoka Msumbiji. Walichonga mabakuli, fimbo na sanamu za mpingo. Kijana mmoja wa Kizungu aliyejitolea kwetu miezi sita aliwatengenezea tovuti, akaniachia kompyuta kuukuu, modemu iliyotambaa kama konokono, na ushauri mmoja: tovuti ambayo watu hawaioni wanapotafuta ni sawa na duka lililojengwa porini.

Nilijifunza mwenyewe namna ya kuifanya ionekane. Nilijaribu programu nyingi za bure, na karibu zote nilizitupa. Nilikuwa na swali moja tu: je, mwezi huu programu hii imenifanya nibadilishe kitu kwenye tovuti? Kama haikunifanya nibadilishe kitu, nilifuta. Zikabaki tatu. Ya kwanza ilikuwa ripoti ya bure kutoka kampuni ya kutafutia habari mtandaoni, inayoonyesha watu wameandika maneno gani hadi wakatukuta. Ya pili ilihesabu wageni wa tovuti. Ya tatu ilikagua viungo vilivyokufa, yaani pale mtu anapobofya akaishia kwenye ukurasa mtupu. Kando ya hizo nilikuwa na daftari la maneno ambayo wateja wenyewe walitumia kwenye barua zao. Sisi tulikuwa tukiandika "sanamu za asili za Kiafrika," wao wakitafuta "bakuli jeusi la mbao." Nilibadilisha maneno, oda zikaanza kuja. Si nyingi, lakini wachongaji walianza kuniita dada kwa sauti nyingine.

Ndipo Mwalimu akastaafu, akahamia mjini, na kikundi kikamchagua kuwa katibu kwa sababu alijua kuandika barua za serikali.

Asubuhi ya kwanza aliingia na kanzu iliyopigwa pasi. Nilisimama, maana sikulelewa vibaya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye mpiga taipu?"

Hakunitambua. Nami sikumsaidia.

Baada ya miezi miwili alikwenda Dar es Salaam kwenye semina ya siku tatu, akarudi na sidii iliyojaa programu. Alipewa na mtu aliyekaa naye, mtu ambaye hata jina lake lote hakulijua. Alizipakia zote. Nilizihesabu: ishirini na mbili. Moja ilipima maneno, nyingine nafasi ya tovuti kwenye matokeo ya utafutaji, nyingine ikapima nafasi hiyohiyo na kutoa jibu tofauti. Nne zilikuwa za kuchunguza washindani, nasi hatukujua washindani wetu ni nani. Kompyuta ikawa inachukua muda wa chungu cha maharage mpaka iwake.

"Mwalimu, hizi zinakula umeme wetu na intaneti," nilimwambia. "Tunazihitaji za nini?"

"Fundi mwenye nyundo moja ni fundi gani?" alisema bila kunitazama. "Wewe chapa barua."

Niliichapa. Nilibonyeza vitufe kwa nguvu mpaka akageuka.

Kwenye ripoti yangu niligundua jambo ambalo baadaye nilitamani ningelificha. Watu wengi waliotuona hawakutafuta mabakuli. Walitafuta magogo ya mpingo ya kutengenezea zumari za Kizungu. Sisi hatukuuza magogo, wala hatukuwa na kibali. Nilipomweleza, nilitaka tuandike wazi kwenye tovuti kwamba hatuuzi magogo, wasipoteze muda wao.

Yeye aliona mlango. Alijaza neno la zumari kila ukurasa, mara hamsini, mara sitini, kwa maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe ili wasomaji wasiyaone ila mitambo ya kutafutia iyaone. Kisha akaiwasha programu yake aliyoipenda kuliko zote, iliyopeleka anwani yetu kwenye maelfu ya orodha za ovyo za tovuti duniani kwa siku moja.

Wageni waliongezeka kweli. Mwalimu alichora mstari wa kupanda kwenye karatasi ya manila, akaubandika ukutani. Mwenyekiti wetu, mchongaji ambaye Kiswahili chake kilikuwa na Kimakua kingi ndani yake, aliutazama akatikisa kichwa kwa furaha. Oda za mabakuli zilibaki zilezile. Zilizoongezeka ni barua za watu wenye hasira, wakiuliza magogo yako wapi.

Wiki ya tano tukapotea. Nilitafuta jina letu kamili, sikutuona. Nilitafuta mabakuli, hatumo. Kampuni ya kutafutia ilikuwa imetuondoa kabisa kwa udanganyifu.

Kamati ikaitwa. Nilieleza maandishi meupe na orodha za ovyo, lakini nilieleza kwa hasira, na mtu mwenye hasira huonekana mwongo. Mwalimu alisubiri nimalize.

"Wazee wangu, huyu binti ana kinyongo," alisema taratibu. "Tangu nije amekuwa akinibania. Mashine inashikwa na yeye kuliko mimi. Mjiulize nani ameharibu."

Mjumbe mmoja kutoka Chinongwe alisema labda tumtafute karani mwingine. Hakuna aliyempinga. Niliwatazama mmoja mmoja, watu ambao nilikuwa nimewaandikia barua za watoto wao na za mahakamani, wakawa wanatazama mikono yao.

Ijumaa iliyofuata, Mwalimu alipokwenda kuswali, nilikaa kwenye kompyuta nikafuta programu zake moja baada ya nyingine. Nilifurahia. Sitaki kusema uongo juu ya hilo. Nilipofika ya ishirini na moja nilisita, kwa sababu nilijua yaliyomo: Mwalimu alikuwa amehamishia humo barua na anwani zote za wateja, akafuta za zamani ili kupata nafasi. Ningeweza kuzinakili kwanza. Ingenichukua saa moja. Nilifikiria saa moja hiyo, nikafikiria manila ukutani, nikabonyeza.

Alirudi na tasbihi mkononi, akawasha mashine, akatafuta programu zake.

"Nani amegusa?"

"Mimi, Mwalimu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Na wewe ulinikatia sekondari kwa ruhusa ya nani?"

Nilikuwa nimeliweka neno hilo tumboni tangu utotoni, nikilinoa. Nilidhani likitoka litamwangusha. Aliniangalia tu, amekunja uso kama mtu anayesoma mwandiko mbaya.

"Sekondari ipi? Baba yako nani?"

Nikamtajia baba, nikamtajia kitongoji, nikamtajia maneno yake mwenyewe, kichwa cha wastani na kazi ya kivulini. Alifikiri. Naamini alijitahidi kweli.

"Simkumbuki," alisema. "Nimefundisha watoto wengi."

Nilitoka nje.

Jumatatu mwenyekiti akaja kuulizia barua ya mteja mmoja aliyetaka mabakuli arobaini. Wachongaji wawili walikuwa wameshaanza kazi. Barua ilikuwa ndani ya kile nilichofuta, na anwani pia. Mwalimu alinyoosha kidole kwangu. Mara hii alisema kweli, nami nilikiri. Mwenyekiti hakunipigia kelele. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi, akasugua gumba lake lililopasuka, akasema kwa lugha yao maneno ambayo sikuyaelewa, na mwenzake akakataa kunitafsiria. Mabakuli yale yaliuzwa moja moja barabarani, kwa bei ya kutupa.

Hawakunifukuza, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuirudisha tovuti. Niliyasafisha maandishi meupe ukurasa kwa ukurasa, nikaandika maombi kwa kampuni ya kutafutia nikikiri kosa. Tulirudi kuonekana mvua za masika zilipokuwa zinaisha, chini kuliko tulipokuwa mwanzo.

Mwenyekiti alitoa amri: programu yoyote isiingizwe bila mimi kukubali, wala isifutwe bila Mwalimu kukubali. Basi kila mwisho wa mwezi tulikaa, viti vyetu vikiwa mbali, nikaitetea kila moja kama mshtakiwa. Alinibana kwa maswali ya kijeuri. Siku moja alisema programu yangu ya kuhesabu wageni haijawahi kutufanya tubadilishe kitu tangu afike. Nilipekua daftari langu, nikakosa mfano. Tukaifuta. Alikuwa sahihi, na hilo liliniuma kuliko yote aliyowahi kunikosea.

Tulifanya kazi hivyo zaidi ya mwaka. Nilimwamkia, aliitikia, basi. Chai alikunywa kwa jirani.

Kisha macho yake yakaanza kuziba, na mwanawe akaja kumchukua kumpeleka Masasi. Wachongaji walimchongea fimbo nzuri, wakamsindikiza stendi. Mmoja alipita ofisini kuniita.

"Dada, Mwalimu anaondoka. Huji kumuaga?"

"Nina kazi," nilisema.

Nilikuwa nakagua viungo. Siku hiyo havikuwepo vilivyokufa. Nilivikagua tena kuanzia mwanzo, na nilipomaliza, wenzangu walikuwa wamesharudi kutoka stendi, wanapiga mashoka yao nyuma ya nyumba.