Risasi Ndani ya Chumvi

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, alikuwa na bunduki ya kuwindia. Alinifundisha kwamba joto la Oktoba huchangamsha baruti na risasi hupiga juu kidogo, na baridi ya Juni huilegeza ikapiga chini. Hayo mwindaji huyazoea. Unyevu ndio hauzoeleki.

Msimu mmoja wa mvua paa lake lilivuja, akaniachia risasi nimtunzie. Nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba hapa Likasi, lakini siku hiyo nilifikiri kama muuza samaki. Samaki wa ziwa Tshangalele tunawatia chumvi, wanakaa miezi bila kuoza. Basi nilizifukia risasi ndani ya kopo la chumvi, nikajisifu.

Chumvi huvuta maji hewani. Mvua zilipokwisha, maganda ya risasi yalikuwa yameota ukijani. Ukijani huo niliuona kwenye shaba kila siku ya kazi. Nilizisugua kwa majivu mpaka zikang'aa, nikamrudishia. Sikusema kitu.

Tulipoenda porini pamoja, risasi ya kwanza ililia kwa uvivu, ikamjeruhi ngiri mguuni. Ya pili ilisema ta, basi, haikulipuka. Ngiri hakungoja ya tatu. Alimpasua shemeji paja, nami nikamsukuma juu ya baiskeli hadi barabarani.

Shemeji alimlaumu mzee aliyemuuzia zile risasi. Tangu siku hiyo hakumsalimia tena. Kanisani mimi nilikaa katikati yao, nikiwapa amani wote wawili.

Mwezi uliopita yule muuzaji alifariki. Nilimpitia shemeji twende pamoja kwenye kilio. Akasema haendi, hawezi kumlilia mtu aliyemfanya kiwete. Nilibaki nimesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, zile risasi minye naliziweka mu chumvi."

Aliniangalia.

"Mu chumvi? Weye ulionaka ni samaki?"

Nikasema ndiyo, nilidhani chumvi hutunza kila kitu. Akauliza kama nilijua zimeharibika kabla hatujaenda porini. Nikasema nilijua.

Akasema, polepole, "Muzee wa watu. Hata bonjour, minye nalimukatalia."

Akaomba fimbo yake, nikampa. Alivaa koti, akatoka, akashika njia ya kwenye kilio. Anachechemea, lakini siku hiyo sikuweza kumfikia. Hakugeuka kuningoja, nami sikumwita.