Tuligawa kwa 255 Mara Mbili

App yetu ya kupima ugonjwa wa mahindi kwa picha leo imeambia Mama Chebet mahindi yake yote iko na ugonjwa. Yote!

Tulikuwa Cheptiret, mbele ya wakulima. Kiprono, eti mtaalamu wetu wa code, anapiga picha majani.

Kila jani: "Lina ugonjwa."

Mama akamwambia, "Hebu piga hiyo shati yako."

"Lina ugonjwa."

Watu walicheka hadi wakaketi chini.

Kumbe namba za rangi za picha, zinazoanzia 0 hadi 255, unagawa kwa 255 mara moja tu. Zetu ziligawanywa mara mbili, app ikawa inaona giza tupu, na giza kwake ni ugonjwa.

Nikamwita Kiprono fundi wa giza njia yote tukirudi hadi Kimumu.

Kufungua code: yeye aligawa vizuri. Ile ya pili niliongeza mimi, juu sikumwamini.

Nimeifuta kimyakimya. Yeye bado ananiomba msamaha.

Atakayemtag hapa, namblock.