Zamu ya Maji ya Profesa Rogathe

Mpwa wangu Rogathe hajui kutulia. Hata chai huinywa amesimama. Kazi yake ni nyota zinazolipuka, na miaka ishirini na mbili sasa, nyota ikipasuka popote anataka kuikuta ingali mbichi, zile saa za mwanzo, maana ndipo inapoonyesha imekufa kwa ugonjwa gani. Alianzia shule ya msingi hapa Mamba, akafika Afrika Kusini, akawa profesa huko. Kuolewa, tulisubiri tukachoka.

Mwaka huu alikuja likizo kumsaidia mama yake, dada yangu Hellen, ambaye goti limegoma. Tangawizi ilikuwa imeanza kujikunja kwa jua. Zamu yao ya maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia, ilikuwa Alhamisi asubuhi, na aliyeandikishwa zamu, safari hii Rogathe badala ya mama yake, lazima asimame mwenyewe mferejini. Akiondoka, maji yanakwenda kwa jirani mpaka wiki ijayo. Mimi, mtu wa safari, leo niko Jipe kesho niko Bendera, sihesabiwi.

Maji hayajafika nusu ya shamba, simu yake ikaingiza ujumbe. Akausoma, akaanza kuzungukazunguka.

"Mjomba, kuna moja imelipuka! Darubini iko ng'ambo, huko bado usiku. Wenzangu wananingoja niseme waigeuzie au la. Wamenipa saa moja."

"Si useme?"

"Hapa ujumbe huingia tu, kutuma wala kupiga haikubali. Mpaka juu kanisani."

Mzee Melkizedeki, msimamizi wa ndiva, alikuwa ameegemea jembe lake. "Profesa, ukitoka hapo nafunga."

"Nusu saa tu, mzee wangu."

"Hata dakika tano. Marehemu baba yako nilimfungia, alikwenda kwa fundi cherehani."

Rogathe akaitazama tangawizi, akanitazama mimi. Kisha akakimbia, matope mpaka magotini, akarukia bodaboda ya Rodrick iliyokuwa ikipita. Melkizedeki akauziba mfereji hata vumbi halijatua.

Aliporudi, darubini ilikuwa imegeuzwa, nyota wameipata. Alikuwa anacheka. Mama yake alimngoja kwenye kigoda.

"Hiyo nyota ilikufa lini?"

"Kabla binadamu hawajakuwepo, mama."

"Sasa haraka ilikuwa ya nini?"

"Mwanga wake ndio umefika sasa. Ukipita, haurudi."

"Na tangawizi yangu niiambie nini?"

Rogathe alichukua ndoo akaanza kuteka kijitoni, kupanda na kushuka, mpaka mabega yakakataa. Ikalowa mistari minne tu. Tiketi yake ya ndege ilikuwa ya Jumatatu. Akapanda tena kanisani kuisogeza mbele.

Alhamisi iliyofuata alisimama mferejini tangu alfajiri, simu ameiacha nyumbani, akibadilisha mguu huu na ule kama mtoto aliyenyimwa ruhusa ya kwenda chooni.

"Ujumbe tena, simu inalia!" Hellen akapiga kelele kutoka uani.

"Iache ilie, mama."

Ililia mara tatu. Melkizedeki alimtazama miguu tu, mpaka maji yalipofika mstari wa mwisho.